Mama Breki Alipofunga Mdomo

Ukitaka kuona vituko, chukua walimu watatu wa udereva, wapakie ndani ya gari moja la kukodi, kisha wapeleke nchi ya watu ambako magari hupita upande usio wa kwao. Hao hawatazami milima, wanatazama vioo vya pembeni. Wenzao wakitembea nchi za nje hurudi na picha za maua. Hawa walimaliza siku nzima wakijadili kwa nini wenyeji wanaingia kwenye mzunguko bila kuwasha indiketa, na walijadili kwa hasira kabisa, utafikiri wameitwa kutoa ushahidi.

Kwenye usukani alikuwa Taratibu. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye leseni. Wanafunzi walimbatiza hili kwa sababu ndilo neno alilokuwa akiwaambia kutwa kucha: taratibu mwanangu, taratibu, barabara haihami. Pembeni yake aliketi Mama Breki, mwanamke wa mwili na sauti. Magari yao ya kufundishia yana breki ya pili kwa ajili ya mwalimu, na ya kwake ilikuwa imelika kuliko zote pale shuleni. Gari hili la kukodi halikuwa na breki ya pili, basi yeye alikanyaga kapeti.

"Kapeti la watu utalitoboa," alisema Bango kutoka kiti cha nyuma.

Bango hufundisha alama za barabarani darasani, na mabango yake yale ya mbao ndiyo yaliyompa jina. Kazi ya huko nyuma alijipa mwenyewe: kushika ramani na kutunga sheria. Tena alikuwa amemwoa mdogo wake Taratibu, kwa hiyo utani alikuwa nao wa haki, hakuna wa kumnyang'anya.

Safari yenyewe ilikuwa ndoto ya Taratibu. Ukutani mwa chumba chake cha kufundishia ilibandikwa picha aliyoikata kwenye kalenda: barabara inayopanda mlima kwa kona juu ya kona, mpaka inapotelea mawinguni. Aliitumia kufundishia namna ya kuingia kona. Kila akiifikia husema, "Hii nitaipanda siku moja," nao wanafunzi wanacheka, wanaendelea kuandika. Basi sasa walikuwa kwenye nchi ya picha ile, wamelala nyumba ya wageni mguuni mwa mlima wenyewe.

Kuna jambo ambalo Mama Breki na Bango hawakulijua, na mimi sina sababu ya kuwaficha ninyi. Taratibu alikuwa anapoteza macho. Si yote, katikati tu. Kila alichokitazama kilikuwa na doa katikati, kama mtu aliyepitisha kidole chenye mafuta juu ya kioo. Pembeni aliona vizuri: ua, ukingo wa barabara, miti, mstari mweupe. Lakini kile hasa alichotaka kukiona ndicho kilichofutika. Akitaka kumwona mtu, ilimbidi atazame pembeni yake, ukutani au juu ya bega, ndipo yule mtu aingie kwenye ukingo wa jicho.

Daktari wa macho hakumung'unya maneno. Alimwambia ugonjwa wake hauna kurudi nyuma, na kuhusu usukani akamwambia, "Mzee, basi." Taratibu alimshukuru kwa adabu zote kana kwamba anayezungumziwa ni jirani yake. Mkewe alipouliza, akamjibu ni mambo ya miwani tu. Moyoni alipanga hivi: aipande barabara yake mara moja, halafu atasema. Jumatatu baada ya kurudi kulikuwa na wanafunzi wapya wanaomsubiri. Je, atasema kabla ya Jumatatu au baada? Hapo kwenye swali hilo alikuwa anapita kwa mbio, hasimami.

Mtauliza alikuwa anaendeshaje. Aliendesha kwa mdomo wa Mama Breki.

Shule yao ina mtindo wake. Mwanafunzi haruhusiwi kuendesha kimya. Lazima aseme kwa sauti kila anachokiona. Gari mbele, limewasha taa. Baiskeli kulia. Mtoto na mpira. Kona, sioni mwisho wake. Wao wanaita kusoma barabara, na Mama Breki alikuwa ameisoma miaka mingi hata hakumbuki tena kwamba anaisoma. Akiwa abiria anasoma. Akiwa amechoka anasoma. Wanawe waliapa kwamba aliwahi kusinzia ndani ya basi, na bado akasema, "Matuta."

Taratibu mwenyewe ndiye aliyemfundisha, enzi hizo akiwa karani wa mapokezi, mpaka naye akawa mwalimu. Ndiyo maana hadi leo, mvi zimemjaa, alimwita Mwalimu. Tangu watoke uwanja wa ndege Taratibu alihakikisha Mama Breki anaketi mbele. "Dada kaa hapa, huko nyuma utatapika." Naye dada wa watu akakaa, akasoma nchi nzima. Trekta mbele, Mwalimu. Ng'ombe huyo. Daraja jembamba, kuna lori linakuja, mwachie. Taratibu akawa anaitikia "mm, mm," kama anayevumilia kelele, kumbe anakunywa kila neno.

Asubuhi ya kupanda mlima ndipo Bango alipochafua mambo. Walikuwa mezani, mkate na chai, jua linaingia dirishani.

"Mama, hebu nikuulize," alisema Bango. "Tumekuja kupumzika au kufanya mtihani? Jana nimeota alama za barabarani usiku kucha. Mimi! Kwani mshahara wangu wa kuziota hizo nalipwa na nani?"

"Nimesema nini mimi?"

"Kitu gani hujasema? Hata kuku umemsoma!"

Mama Breki alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye sahani. "Kuku alikuwa anavuka, jamani."

"Leo natunga sheria. Anayeupanda mlima huu ni shemeji peke yake. Barabara ni yake, ameingoja maisha yake yote. Atakayesoma barabara kwa sauti, atakaa nyuma na mizigo mpaka tutakaporudi kwetu. Kama mimi."

"Haya! Nimefunga, na komeo nimetia."

"Mwacheni asome bwana," Taratibu alisema. "Mimi hanisumbui."

"Unamtetea kwa sababu una roho nzuri," alisema Mama Breki, naye akalainika ghafla. "Lakini Bango leo kasema kweli. Nakupigia kelele kama mwanafunzi, na wewe ndiye uliyenifundisha. Ni utovu wa adabu. Ipande barabara yako kwa amani, Mwalimu."

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema. Maneno yalikuja mpaka kwenye meno. Macho yangu, jamani. Maneno matatu tu, na Mama Breki angeshika usukani na yeye angeipanda barabara yake akiwa abiria, kama mfuko wa nguo. Akayameza pamoja na mkate. Kuna watu wanaokufa na tai shingoni, na Taratibu alikuwa wa ukoo huo. Alinyanyuka akachukua ufunguo.

Mwanzo wa mlima haukuwa mbaya. Aliendesha polepole, akawa anatafuta mbinu.

"Dada, huyo mbele naona kama anataka kusimama?"

Mama Breki alitikisa kichwa, akaweka kidole midomoni.

"Umeninunia?"

"Mm-mm."

"Shemeji usimtege!" Bango alipiga kofi kiti. "Nimekuona. Unataka avunje sheria yangu."

Wakacheka wawili. Wa tatu shati lilikuwa limemganda mgongoni. Ndani ya gari kulikuwa na ukimya ambao hakuwahi kuusikia tangu safari ianze, na sasa alijua kwa uhakika kiasi gani alichokuwa akiona na kiasi gani alichokuwa akiambiwa. Akapunguza mwendo zaidi.

"Hata konokono katupita," alisema Bango.

"Taratibu," alijibu Taratibu, na Bango akaridhika, maana jina la mtu ni jina lake.

Halafu zikaja kona. Na hapa niseme ukweli: kwenye kona mzee yule aliendesha kuliko alivyowahi kuendesha. Kona haihitaji katikati ya jicho. Kona iko pembeni: ukuta wa mawe upande huu, bonde upande ule, mstari unaopinda. Mikono yake iliyajua haya yote bila yeye. Alishuka gia, akaingia, akatoka, akapanda gia. Ingine. Ingine tena. Hakuna aliyeyumba kitini. Mama Breki alimtazama mikono, na hata mguu wake ulitulia juu ya kapeti.

Taratibu alikuwa na furaha. Sitaki mtu amnyime hiyo. Ilikuwa furaha ya kweli, ilimjaa kifuani mpaka akataka kuimba, na katikati ya furaha hiyo wazo likamjia: mbona naweza? Daktari amejua nini kuhusu mikono yangu? Akaiona Jumatatu, wanafunzi wapya wamejipanga, na yeye anawaambia, ile ya kwenye picha nimeipanda. Akaamua hasemi. Hasemi kwa mtu yeyote, si kabla ya Jumatatu wala baada yake.

Kona zikaisha. Juu kulikuwa na tambarare, barabara imenyooka katikati ya malisho, upepo mzuri. Akaongeza mwendo kidogo, kwa raha tu.

Mbele kabisa, upande wa kulia, mwanamke wa makamo alifungua geti la shamba. Alikuwa anasukuma toroli lenye madumu ya maziwa. Akatazama barabara, akaliona gari liko mbali na halina haraka, akaanza kuvuka. Dereva gani hangemwona? Alikuwa amevaa sweta jekundu.

Mama Breki alimwona tangu anafungua geti. Mdomo wake ulijifungua wenyewe, kama ilivyo desturi yake. Akaufunga. Huyu ni Mwalimu, alijisemea. Mwalimu kamwona zamani. Bango, nyuma, alikuwa ameinamia ramani.

Gari lilikwenda.

Mguu wa Mama Breki uliingia kwenye kapeti mpaka goti likauma. Bado gari lilikwenda, halipungui, na uso wa Taratibu ulikuwa umetulia kama wa mtu anayesikiliza redio.

"MTU! Mtu mbele! Mwalimu, mtu!"

Taratibu alikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Matairi yalilia, mizigo ikaruka, Bango akapiga pua kwenye kiti. Gari lilisimama chupuchupu. Lilikuwa limeligusa toroli, si mwanamke. Toroli lilipinduka, madumu yakabiringika, na maziwa yakaanza kusambaa kwenye lami.

Taratibu alifungua mlango akatoka. Kwa pembeni ya jicho aliona nyekundu, akaifuata mpaka karibu.

"Nisamehe, mama. Nisamehe sana. Umeumia?"

Mwanamke hakujua lugha hiyo, na wao hawakujua ya kwake. Siku zote hizo walikuwa wakiongea na wenyeji kwa nyuso na mikono: unakunja uso, unacheka, mtu anaelewa unatafuta petroli. Sasa Taratibu alisimama mbele ya mtu ambaye nusura amuue, na mahali pa uso wake palikuwa na doa. Hakuna macho, hakuna mdomo. Akageuza kichwa pembeni ili ampate kwa ukingo wa jicho, na mwanamke, kuona mtu anaomba radhi huku anatazama pengine, akafyonza. Taratibu akarudisha kichwa haraka, doa nalo likarudi.

Mama Breki alikuwa ameshafika, anahema.

"Dada," alisema Taratibu chini chini. "Ananiangaliaje?"

"Nini?"

"Uso wake ukoje? Analia? Amekasirika? Niambie."

"Si uko mbele yake, Mwalimu?"

"Niambie tu, nakuomba."

Mama Breki alimtazama mwanamke, akamtazama Taratibu. Akapandisha mkono polepole, akaupitisha mbele ya uso wa mzee, karibu na pua. Macho hayakuufuata.

"Usinifanyie hivyo mbele za watu," alisema Taratibu.

Jibu hilo lilitosha. Mama Breki akaushusha mkono, maswali yamemjaa. Lakini kwanza akamjibu alichoulizwa, maana mwanamke alikuwa bado amesimama pale, na hilo ndilo lililokuwa la haki.

"Midomo inamtetemeka," alisema. "Hakutazami tena wewe. Anatazama maziwa."

Bango, pua inamtoka damu kidogo, alikwisha kuinua toroli. Wakaokota madumu. Moja lilikuwa zima, mengine yalibaki na maziwa ya chini chini. Taratibu alipapasa akaokota vifuniko kwenye nyasi, akavipangusa kwa shati lake kimoja kimoja. Wakamsukumia mwanamke toroli mpaka ng'ambo. Alisema neno fupi kwa lugha yake kabla ya kuondoka, na Taratibu akageuka kwa Mama Breki kama mtoto anayengoja kutafsiriwa.

"Sijui kasema nini," alisema Mama Breki. "Uso umetulia kidogo."

Ndipo alipomgeukia.

"Tangu lini?"

"Tangu mvua zilizopita."

"Daktari kasemaje?"

"Kasema basi."

"Na mimi umeniweka mbele siku zote hizi, 'dada kaa hapa utatapika,' kumbe umenifanya miwani!" Sauti ile ya kuamsha mtaa ilipanda hata mwanamke wa maziwa akageuka. "Kwangu wajukuu wananisubiri, huyu hapa ana mke, dada yako—"

"Mdogo wake," alisema Bango, kwa mazoea tu.

"Nilimwona! Nilimwona tangu anafungua geti. Angekuwa mwanafunzi kwenye usukani ningeshapiga kelele kitambo. Nilinyamaza kwa sababu ni wewe! Nikasema Mwalimu kaona. Ningenyamaza mpaka mwisho, unasikia? Ningemwacha yule mama afe kwa ajili ya heshima yako."

Taratibu alipapasa boneti ya gari, akaiegemea.

"Na Jumatatu?" aliuliza Mama Breki, sasa kwa sauti ndogo. Hiyo ndogo ilikuwa mbaya zaidi. "Wale watoto wa watu Jumatatu, ulikuwa unaingia nao barabarani?"

Upepo ulivuma kwenye malisho. Taratibu angeweza kusema hapana. Hakuna aliyekuwa ndani ya kifua chake kule kwenye kona.

"Ndiyo," alisema.

Bango alikaa kwenye ukingo wa barabara, akashika kichwa. Taratibu alitoa simu mfukoni, akamnyooshea.

"Shemeji, nipigie mkuu wa shule. Namba sizioni."

"Si lazima hapa. Tukifika—"

"Nikifika nitabadilika. Najijua. Piga."

Simu iliita, ikapokelewa kwa kelele za furaha. Mkuu aliuliza kama mlima wenyewe ni kama wa kwenye picha. Akasema wanafunzi wapya wamejaa, wote wanamtaka yeye.

"Wapangie mwalimu mwingine," alisema Taratibu.

"Wiki hii, mzee?"

"Wote. Sitaingia tena barabarani na mwanafunzi. Macho yangu yamekwisha, na nilikuficha. Leo kidogo niue mtu."

Mkuu akasema pole, na kwamba wataongea akirudi. Taratibu alimshukuru, akamrudishia Bango simu aikate. Akaenda kwenye gari, akachomoa ufunguo, akaja nao mkononi mpaka aliposimama Mama Breki. Mama Breki aliupokea.

Maziwa yalikuwa yameshafika kwenye nyasi, lami imebaki na unyevu tu.

"Na wewe, dada," alisema Taratibu. "Wewe unaniangaliaje?"

Alisikia pumzi inakatika, lakini pumzi si uso; mtu mwenye hasira naye hupumua hivyo. Alitaka kujua. Hakuna kitu kingine duniani alichotaka kukijua wakati ule. Basi akageuza shingo, akaelekeza macho kwenye geti la shamba, mbali kabisa na alipokuwa Mama Breki.

"Ndiyo nini sasa?" Mama Breki alisema huku akijifuta machozi. "Baada ya yote haya, hata kunitazama hutaki?"

"Nakutazama," alisema Taratibu, macho yake yako kwenye geti. "Sasa hivi ndivyo ninavyokutazama."